Klachi ya trekta dogo ikiganda, usikimbilie kulifungua

Msimu wa kulima ukikaribia huku Ifakara simu zinaanza: "Fundi, gia boksi imekufa. Gia haziingii, zinalia tu." Naenda, nasalimiana na mzee mwenye trekta, nalikuta chini ya mwembe lilipokaa tangu masika. "Mzee wangu, gia boksi yako nzima. Klachi ndiyo imeganda." Wengi hawaniamini mpaka waone wenyewe.

Klachi pleti, inayopeleka nguvu ya injini kwenye gia boksi, inakaa kati ya flaiwili (gurudumu zito linalozungushwa na injini) na preshapleti (bamba linaloibana pleti kwenye flaiwili). Ukikanyaga pedeli, preshapleti inarudi nyuma na pleti inabaki huru. Sasa haya matrekta madogo ya zamani, Kubota, Iseki na Yanmar yanayokuja kutoka Japani yakiwa yametumika, yanashinda majarubani na maji yanaingia hadi kwenye klachi. Likisimama miezi kadhaa, chuma kinaota kutu na kutu inaishika pleti. Unakanyaga, preshapleti inaachia, pleti inang'ang'ania palepale, injini inaendelea kuzungusha gia boksi na ndiyo maana gia zinalia.

Hakikisha kwanza ugonjwa ni huo. Bonyeza pedeli kwa mkono: mwanzoni iwe nyepesi, kwa mengi kiasi cha sentimeta 2 hadi 3, kisha ianze kuwa nzito. Ikienda mbali kabla ya kuwa nzito, rekebisha fimbo yake kabla ya kuhangaika na mengine. Kisha, injini ikiwa imezimwa na trekta liko tambarare, ingiza gia, mmoja akanyage klachi hadi mwisho, wengine wasukume. Likiserereka, klachi inaachia. Tafuta tatizo kwingine. Likigoma kabisa, imeganda.

Weka magogo kwenye magurudumu, uingie chini. Pale injini inapokutana na gia boksi, mengi yana tundu dogo upande wa chini lenye kotapini (pini ya kukunja miguu) inayoning'inia. Pini hiyo inachezacheza trekta likitembea ili tundu lisizibe. Mara nyingi naikuta imefunikwa na tope gumu kama saruji. Chokonoa. Yakitoka maji ya rangi ya chai, umeshajua kutu imetoka wapi. Ikitoka oili, sili (mpira wa kuzuia oili) imekufa, ya krenki au ya shafti ya gia boksi, na hapo hakuna ujanja: trekta litatenganishwa tu.

Kama ni maji, anza na njia ya kivivu. Kandamiza pedeli hadi mwisho, uikaze kwa gongo lililoegemea fremu ya kiti, au uifunge kwa mpira wa tyubu. Acha hivyo usiku kucha, hata siku mbili. Kuna zinazoachia zenyewe, unasikia "tak!" tu.

Ikikataa, weka gia frii, washa injini ingurume nusu saa ipate joto, kisha zima. Peleka trekta mahali pa wazi, jembe limeondolewa, PTO (shafti ya nyuma ya kuzungusha zana) imezimwa, na mbele pasiwe na mtu wala ukuta. Unganisha breki zote mbili na uzijaribu. Ingiza gia ndogo, kanyaga klachi, piga stata. Litaondoka papo hapo injini ikiwaka, kwa hiyo mkono usiwe mbali na kizimio. Klachi ikiwa bado chini, ongeza mafuta, yapunguze ghafla, gusa breki, rudia. Siku pleti inapoachia, trekta linasimama huku injini inaendelea kunguruma.

Breki zako mbovu? Usijaribu hiyo. Vutwa na trekta lingine kwa mnyororo mrefu, gia ya juu, klachi chini, kizimio kimevutwa ili injini isiwake. Gia ndogo itaburuza matairi bure. Wapo wanaoinua magurudumu ya nyuma kwa jeki na kuwasha likiwa kwenye gia. Mimi sifanyi. Likidondoka linakimbia.

Vijana wa gereji watakushawishi upulize mafuta ya kulegeza kutu kupitia lile tundu. Kataa, na dizeli vilevile. Pleti inayanywa mafuta, kesho jembe likishika udongo klachi inateleza, na utafungua trekta ulilokuwa umeshaliokoa.

Ikishaachia, lima kidogo huku ukikanyaga na kuachia polepole mara chache, ili pleti ijisugue kutu. Ukisikia harufu ya kuungua, umezidisha. Kisha pima tena ule wepesi wa pedeli. Kama bado inatetemeka au inapiga kelele unapokanyaga, pleti imechubuka au beringi ya klachi imechoka. Hapo fungua, na ukiwa humo badilisha pia beringi ndogo ya katikati ya flaiwili, maana kazi kubwa ni kutenganisha, si kununua beringi.

Masika ijayo, kaza pedeli kwa gongo ikiwa chini kabla hujaliacha trekta, na kotapini irudi tunduni mwake.