Kukadiria Umri wa Tabaka katika Ngome za Mwisho za Kirumi Uingereza

Mwongozo huu unahusu vitu vinavyofukuliwa katika ngome kama Richborough na Portchester, zilizolinda pwani ya kusini mashariki ya Uingereza katika karne ya 3 na ya 4.

Hatua ya 1. Kabla ya kukiinua kitu, andika namba ya tabaka (safu ya udongo kilimokutwa), pima mahali kilipolala, kisha ukipige picha kikiwa bado udongoni. Sarafu ambayo haijulikani ilitoka tabaka gani ni pambo la kabati tu.

Hatua ya 2. Usisugue. Maandishi ya sarafu za shaba mara nyingi yamebaki kwenye ganda la kutu lenyewe, na brashi ngumu huyaondoa kwa dakika moja. Hifadhi shaba na chuma pakavu, lakini ngozi iliyotoka kwenye matope ibaki na unyevu wake. Bonge la kutu ya chuma lipigwe eksirei kwanza.

Hatua ya 3. Soma upande wa nyuma wa sarafu, kwa kuwa ndio unaotaja wakati kwa usahihi zaidi. Askari wawili wenye bendera mbili katikati yao huonyesha miaka ya 330 hadi 335; bendera ikiwa moja, sarafu ni ya kati ya 335 na 341. Kijisarafu cha takriban milimita 13, chenye Victoria, mungu wa kike wa ushindi mwenye mabawa, anayemburura mateka, ni cha miaka ya 388 hadi 402, na Richborough imetoa maelfu ya sarafu za kipindi hicho.

Hatua ya 4. Chunguza bizimu na vyuma vya mkanda. Bizimu lenye umbo la upinde na vifundo vitatu kama vitunguu lilifunga joho begani, nalo lilivaliwa na askari pamoja na maofisa wa serikali, hivyo peke yake halithibitishi kuwapo kwa jeshi. Vifundo vidogo kwa kawaida ni vya mapema, vikubwa ni vya baadaye.

Hatua ya 5. Linganisha na vigae vya vyungu. Kaskazini, chungu cha Huntcliff, chenye chembe za kalsaiti (aina ya madini) na mfuo ndani ya mdomo wake, huelekeza baada ya takriban mwaka 360.

Hatua ya 6. Sasa kadiria umri, na hapa ndipo wengi hujikwaa. Sarafu changa kuliko zote hueleza tu kwamba tabaka halikufungwa, yaani halikukamilika, kabla yake, wala haisemi lilifungwa lini. Baada ya 402 sarafu mpya za shaba karibu zilikoma kufika, ilhali za zamani ziliweza kuendelea kupita mikononi hadi zikalika. Kule Birdoswald, kwenye Ukuta wa Hadrian, majengo ya mbao yalisimamishwa mahali pa ghala la nafaka lililokwisha kuanguka, na yanaaminika kutumika hata baada ya utawala wa Kirumi kuondoka. Kwa hiyo, ukiikuta sarafu ya 388, andika kwenye fomu “388 au baadaye”, kisha ueleze imelika kiasi gani.