Somo: Jinsi ya kuongeza wageni kwenye tovuti yako kupitia injini za utafutaji, hatua kwa hatua

Wakuu, habari za muda huu.

Wengi wanaoulizia SEO, yaani kazi ya kuifanya tovuti ionekane kwenye injini za utafutaji, huanza na viungo (links) vya kutoka tovuti nyingine: nipate wapi viungo, ninunue kwa nani. Mimi naanzia kwingine, na naomba mnifuate kwa mpangilio huu huu, kwa sababu hatua za mbele hazina maana kama za nyuma hazijakaa sawa. Somo ni la mtu ambaye tayari ana tovuti yenye kurasa kadhaa, iwe ya biashara, habari au mafunzo, lakini wageni hawaji. Matangazo ya kulipia siyagusi.

Msingi kwanza. Injini za utafutaji kama Google na Bing hufanya kazi tatu. Roboti yao huzunguka mtandaoni ikifuata viungo na kusoma kurasa. Kurasa zinazoonekana kufaa huingizwa kwenye faharasa, yaani orodha kuu ya kurasa ambazo injini inazijua. Mtu akiandika anachotafuta, mfumo huchagua kutoka kwenye faharasa na kupanga matokeo. Tovuti isiyopata wageni imekwama katika mojawapo ya kazi hizo tatu, na kila mkwamo una dawa yake. Mtu ambaye kurasa zake hazimo hata kwenye faharasa, halafu anahangaika na viungo, anatibu jino kwa dawa ya macho.

Hatua ya 1: Jua kama unaonekana

Fungua akaunti ya Google Search Console, chombo cha Google kinachokuonyesha jinsi tovuti yako inavyoonekana kwenye utafutaji. Ni bure. Utatakiwa kuthibitisha kuwa tovuti ni yako. Nashauri utumie rekodi ya DNS (mstari mfupi unaouweka pale unaposimamia jina la tovuti yako), maana inashika kikoa kizima, yaani anwani yenye www na isiyo nayo kwa pamoja. Bing nao wana chao, Bing Webmaster Tools, na unaweza kuhamishia humo tovuti yako moja kwa moja kutoka Search Console. Usikiache.

Ukishaingia, nenda kwenye ripoti ya kurasa. Utaona zilizomo kwenye faharasa, zisizomo, na sababu. Soma sababu moja moja. Kuna tatu ninazokutana nazo sana.

Ya kwanza ni agizo la noindex, linaloiambia roboti isiuingize ukurasa kwenye faharasa. WordPress, mfumo wa kujengea tovuti, ina kisanduku, kwenye mipangilio ya kusoma, kinachoziomba injini za utafutaji ziiache tovuti. Mjenzi hukiwekea alama wakati kazi inaendelea, tovuti inazinduliwa, na hakuna anayekumbuka kuitoa. Kiangalie leo, hata kama una uhakika.

Ya pili ni faili la robots.txt, linaloiambia roboti isiingie wapi kwenye tovuti yako, na hapa watu wengi huchanganya mambo. Faili hili huizuia roboti isisome ukurasa, lakini haliuzuii ukurasa kuingia kwenye faharasa. Tovuti nyingine ikiweka kiungo cha kuja kwako, anwani yako inaweza kutokea kwenye matokeo ikiwa tupu, bila maelezo. Tena, ukiweka noindex kwenye ukurasa ambao umeufungia kwa robots.txt, roboti haitaiona hiyo noindex, kwa kuwa umeikataza kuingia. Ukitaka ukurasa utoke kwenye matokeo, iache roboti iingie, isome noindex, na iondoke nayo.

Ya tatu ni pale roboti inapokuja, inasoma, halafu haiuingizi ukurasa. Huo si ugonjwa wa kiufundi. Mara nyingi ukurasa ni mwepesi mno, au unarudia yaliyokwisha kusemwa kwingine. Dawa yake iko hatua ya 3.

Tuma pia ramani ya tovuti ya XML (sitemap), yaani faili lenye orodha ya anwani za kurasa zako. Faili moja linabeba hadi anwani 50,000, au MB 50 kabla ya kubanwa, kwa hiyo wengi wetu linatutosha. WordPress inaitengeneza yenyewe tangu toleo la 5.5 la mwaka 2020. Ramani inaisaidia roboti kuzijua kurasa zako, haiilazimishi kuzikubali.

Hatua ya 2: Maneno ya anayetafuta

Hapa ndipo naomba mkae muda mrefu kuliko kwingine kote.

Chukua tovuti ya mafunzo ya kutengeneza simu. Mwenyewe ameandika makala nzuri na kuipa kichwa "Changamoto za mfumo wa chaji katika simu janja". Makala ni sahihi, ila mtu ambaye simu yake imebaki na asilimia 4 haandiki hivyo. Anaandika "simu haiingizi chaji". Mwingine anaandika "simu inachaji polepole". Mwingine "simu inaniambia kuna maji kwenye tundu la chaji". Hao ni watu watatu wenye shida tatu, na kichwa kile hakimwiti hata mmoja wao.

Maneno haya unayapata wapi? Kama tovuti ina muda, Search Console ina ripoti ya utendaji yenye maneno yaliyokufanya uonekane, idadi ya maonyesho (mara ulizotokea kwenye matokeo), mibofyo na wastani wa nafasi yako, hadi miezi 16 nyuma. Kwangu mimi hakuna chombo cha kulipia kinachoshinda orodha hiyo, maana ni maneno ya watu waliofika mlangoni kwako. Kama tovuti ni mpya, anza kuandika neno kwenye kisanduku cha kutafutia na uangalie mapendekezo yanayojitokeza, kisha shuka uangalie maswali yanayoulizwa na wengine. Soma pia maoni na jumbe za wasomaji wako. Mtu akikuuliza jambo kwa maneno yake, kuna wengi wanaoliandika vivyo hivyo.

Swali linalofuata: maneno hayo matatu yanahitaji ukurasa mmoja au mitatu? Usibuni. Tafuta kila neno na ulinganishe matokeo. Kama kurasa zile zile zinatokea kwa maneno mawili, ukurasa mmoja unatosha kuyabeba yote mawili. Kama matokeo ni tofauti kabisa, tenganisha. Hapo hapo angalia aina ya matokeo. Ukikuta ukurasa wote wa kwanza umejaa maduka, watafutaji wanataka kununua, na makala yako ya maelezo haitapenya hapo hata iwe nzuri kiasi gani. Ukikuta video tupu, piga video.

Hatua ya 3: Andika ukurasa unaojibu

Kichwa cha ukurasa, kile kinachosomeka kwenye matokeo, kiwe cha ukurasa huo peke yake, na maneno muhimu yakae mwanzoni. Herufi kama 60 zinafaa. Kikizidi, mwisho wake hukatwa kwenye skrini. Google inaweza kukibadilisha ikiona hakiendani na yaliyomo. Maelezo mafupi ya meta, yale yanayoweza kutokea chini ya kichwa kwenye matokeo, hayakupandishi nafasi, lakini ndiyo yanayomshawishi mtu abofye wewe badala ya jirani yako. Ile lebo ya maneno muhimu ya meta (meta keywords), iliyofichwa ndani ya msimbo wa ukurasa, achana nayo: Google walitangaza Septemba 2009 kwamba hawaitumii kupanga matokeo.

Sasa aya ya kwanza. Makala yetu ya simu ilianza hivi: "Katika ulimwengu wa leo, simu imekuwa sehemu muhimu sana ya maisha ya binadamu." Futa. Anayesoma ameshika simu inayokaribia kuzima. Anza hivi: "Kabla ya kwenda kwa fundi, jaribu waya na adapta nyingine. Ikishindikana, zima simu, mulika tundu la chaji kwa tochi, na kama kuna vumbi litoe taratibu kwa kijiti kikavu cha mbao, usitumie pini." Jibu limetoka katika sentensi mbili. Aya zinazofuata zieleze sababu na nini kifuate kama bado simu haiingizi chaji.

Kisha weka kitu ambacho wengine hawana: picha ulizopiga mwenyewe za tundu chafu na lililosafishwa, kipimo ulichopima, kosa unaloliona kila siku kazini. Desemba 2022 Google waliongeza uzoefu wa mwandishi kwenye miongozo ya watathmini wao wa ubora, na mimi naona walichelewa. Msomaji anamtambua aliyeshika kazi kwa mikono yake.

Hatua ya 4: Viungo vya ndani

Ni hatua fupi, na wengi huiruka. Ukurasa ambao hauna kiungo hata kimoja kutoka ndani ya tovuti yako ni yatima; roboti huuona kwa shida na huupa uzito mdogo. Chukua kurasa zako zenye wageni wengi, weka humo viungo vya kwenda kwenye kurasa dhaifu zinazohusiana nazo. Maneno ya kiungo yaseme kinachofuata: "namna ya kusafisha tundu la chaji", wala si "bofya hapa".

Hatua ya 5: Simu na kasi

Google husoma tovuti kwa toleo la simu kwanza, kwa hiyo kisichokuwemo kwenye toleo la simu usikitegemee. Pima kwa PageSpeed Insights, chombo cha Google cha kupima kasi. Viwango vya kulenga: kipande kikubwa cha juu kionekane ndani ya sekunde 2.5, ukurasa uitikie mguso ndani ya milisekunde 200, na alama ya kuhamahama kwa vitu ukurasa unapofunguka (CLS) isizidi 0.1. Punguza uzito wa picha, tumia WebP (aina ya faili la picha lililo jepesi), andika upana na urefu wa kila picha ili maandishi yasiruke. Picha kubwa ya juu kabisa usiipe agizo la kusubiri kupakiwa (lazy loading). Hilo ni la picha za chini. HTTPS, yaani muunganisho uliosimbwa kwa usalama, ni lazima. Lakini kasi haiokoi ukurasa usio na jibu, kwa hiyo msiumalize mwezi hapa.

Hatua ya 6: Viungo vya nje

Vina uzito tangu mwanzo, kwani Larry Page na Sergey Brin waliijenga Google juu ya wazo la kuhesabu viungo kama kura. Ndiyo maana watu huvichezea, na ndiyo maana mwaka 2012 Google walileta Penguin, badiliko la mfumo wao wa kupanga matokeo, kuwashughulikia wanaovinunua kwa wingi. Kiungo cha kulipiwa kinatakiwa kiwekewe alama ya sponsored au nofollow, maneno ya kwenye msimbo wa kiungo yanayoiambia Google kuwa si kura ya hiari. Unachoweza kufanya kwa haki ni kutengeneza kitu ambacho wengine watataka kukitaja: kikokotoo, fomu ya kupakua, picha za hatua kwa hatua, takwimu ulizokusanya mwenyewe.

Hatua ya 7: Rudi kwenye kurasa zilizo karibu

Kila mwezi, fungua ripoti ya utendaji na utafute maneno ambayo wastani wa nafasi yako ni kati ya 8 na 20, na maonyesho ni mengi. Hizo ndizo kurasa ambazo Google imeshakubali kuwa zinahusika. Fungua ukurasa, soma neno lililotafutwa, ujiulize kama jibu liko wazi na liko juu. Ongeza kilichokosekana, rekebisha kichwa, uuwekee viungo vya ndani kutoka kurasa zako nyingine. Kazi hii inalipa kuliko kuandika makala mpya kila siku, na ndiyo ambayo ningefanya kama ningekuwa na saa moja tu kwa wiki.

Maswali ya wanachama

Swali: Mkuu, shukrani. Nikifanya haya yote nisubiri muda gani?

Jibu: Mabadiliko mengine huonekana baada ya saa chache, mengine huchukua miezi kadhaa. Usibadilishe kichwa kila siku tatu; utashindwa kujua kilichosaidia ni kipi. Fanya badiliko, andika tarehe, ipe wiki kadhaa.

Swali: Kuna mtu amenihakikishia nafasi ya kwanza ndani ya wiki, anataka malipo kabla. Nimwamini?

Jibu: Hapana, ndugu. Google wenyewe wanasema hakuna anayeweza kuhakikisha nafasi ya kwanza. Mtaalamu wa kweli atakuomba kuona Search Console yako kabla ya kutaja bei.

Swali: Nataka kubadilisha jina la kikoa. Nitapoteza wageni?

Jibu: Kutakuwa na kuyumba kidogo. Elekeza kila ukurasa wa zamani kwenye mwenzake mpya kwa 301 (elekezo la kudumu), usirundike zote kwenye ukurasa wa mwanzo. Tumia kifaa cha kubadilisha anwani ndani ya Search Console, na uache maelekezo hayo yafanye kazi angalau mwaka mmoja. Usiache kulipia kikoa cha zamani.

Swali: Makala zilizoandikwa na akili mnemba zinaadhibiwa?

Jibu: Chombo ulichotumia si kosa. Kosa ni kumwaga mamia ya kurasa zisizo na faida kwa msomaji ili tu zishike nafasi, na sera ya Machi 2024 inalikataza hilo, awe ameziandika mtu au mashine. Kama umeitumia kupanga mawazo, kisha ukahakiki kila dai na kuweka uzoefu wako, sioni tatizo.

Swali: Mwalimu, tovuti yangu ina Kiswahili na Kiingereza. Google inachanganya kurasa.

Jibu: Kila lugha iwe na anwani yake, na utumie lebo za hreflang, zinazoiambia Google ukurasa ni wa lugha gani, sw kwa Kiswahili na en kwa Kiingereza. Zinatakiwa kutajana: ukurasa wa Kiswahili uutaje wa Kiingereza, nao wa Kiingereza uutaje wa Kiswahili. Upande mmoja ukinyamaza, lebo hupuuzwa.

Swali: Maonyesho yangu yako pale pale, nafasi haijashuka, ila mibofyo imepungua sana. Tatizo ni nini?

Jibu: Tafuta maneno yako makuu uone kilichoongezeka juu ya matokeo. Huenda sasa kuna jibu la akili mnemba, video au matangazo yanayokusukuma chini ingawa nafasi yako haijabadilika. Maswali ya jibu la mstari mmoja ndiyo yanayoumia zaidi. Ongeza nguvu kwenye yale ambayo lazima mtu aingie ndani: picha za hatua, ulinganisho, fomu, mifano mirefu. Kama juu hakujabadilika kitu, basi tazama kichwa chako kando ya vichwa vya wengine. Tuletee hapa neno lenyewe na vichwa vitatu vya juu, tulinganishe pamoja.