Kuwinda pweza kwa miguu: tafuta nyumba yake kwanza

Wengi wanaorudi na kikapu kitupu wana kosa moja: wanamtafuta pweza. Pweza hujigeuza rangi akawa jiwe, akawa mwani, na amekuona tangu ukiwa mbali. Kinachotafutwa ni nyumba yake. Bibi yangu alinifundisha hivyo hapa Msimbati, Mtwara, nami nawapa nilivyopewa.

1. Maji. Nenda wakati wa bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa sana, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu. Siku hizo kwetu maji hupwa kabisa kuanzia kama saa nne asubuhi, na kila siku huchelewa dakika 40 hadi 50. Ingia yakiwa bado yanatoka, uyafuate. Maji mafu, mwezi ukiwa nusu, usijisumbue, mwamba haukauki.

2. Vifaa. Kijiti chembamba, nondo fupi iliyopindwa ncha, kamba ya kutungia, na viatu vigumu vya kufunika vidole.

3. Nyumba. Hapa usiwe na haraka. Tafuta tundu ambalo mlango wake umefagiwa, na nje pamerundikwa maganda ya kaa na kome. Maganda yakiwa safi na meupe kwa ndani, mwenyewe yupo. Yakiwa yameota mwani, amehama. Mara nyingine huvuta vijiwe akajizibia, akabakiza nafasi ya jicho tu. Tazama mlangoni: mchanga ukipulizwa kidogokidogo, anapumua.

4. Kumkaribia. Likabili jua ili kivuli chako kiangukie nyuma. Buruta miguu polepole, usipigepige maji.

5. Kumtoa. Papasa pembeni mwa tundu kwa kijiti, usimchome. Atakishika kwa mkono mmoja. Usivute! Ukivuta mapema atajigandisha mwambani. Mara yangu ya kwanza nilivuta, nikabaki na mkono mmoja wa pweza, na bibi akasema, "Umempa kilema bure." Mwache yeye avute, alete mkono wa pili na wa tatu. Mwili ukikaribia mlango, pitisha nondo nyuma yake, umtoe kwa mvuto mmoja. Mgeuze kichwa ndani nje papo hapo, asiteseke. Akikupanda mkononi tulia, ila jihadhari na mdomo wake ulio katikati ya mikono, mkali kama wa kasuku.

Ukichungulia ukaona vishada vya mayai meupe, madogo kuliko punje za mchele, vinaning'inia darini, ondoka. Huyo ni mama. Hali chochote mpaka yaanguliwe, kisha hufa. Ukimtoa leo, maelfu yale yote yameliwa na samaki kabla ya jioni. Na jiwe ulilolipindua lirudishe lilivyokuwa.

MASWALI

Kaka wa Mikindani: Shikamoo mama. Mimi napiga mbizi kwa miwani. Naweza kutumia bunduki ya mishale, nipate na samaki aina ya changu?

Marahaba mwanangu. Hapana. Kanuni za uvuvi za nchi yetu zimeikataza, na sisi wa Msimbati tumo ndani ya hifadhi ya bahari tangu mwaka 2000. Changu mfuate kwa mshipi.

Dada wa Sudi: Mbona siku hizi napata wadogo watupu?

Kwa sababu hatuwapi muda, mdogo wangu. Chini ya gramu 500 hairuhusiwi kuvua, na pweza hukua upesi mno. Wenzetu wa kisiwa cha Songosongo wamewahi kuufunga mwamba kwa miezi kadhaa ili pweza wanenepe. Kaeni na kamati yenu mlizungumze. Mmoja akimwacha mdogo na jirani akamchukua, hamjafanya kitu.

Mwingine: Nikikanyaga yule samaki anayefanana na jiwe?

Tumbukiza mguu kwenye maji ya moto kadiri unavyoweza kustahimili bila kuungua, upate nusu saa au zaidi, na wakati huohuo utafutiwe usafiri wa hospitali. Usichanje, usifunge kamba. Maumivu yake si ya kungojea kesho.

Mama wa Naumbu: Nitajuaje wakati wa kuondoka?

Dada yangu, usiangalie maji ya mbele. Geuka uangalie mfereji uliouvuka ulipokuja, kwa kuwa huo hujaa kabla mwamba uliposimama haujalowa. Ulikufika magotini ulipovuka. Ukiona maji yake yameanza kukimbilia ufukweni, toka, hata kama pweza ameshashika kijiti.