Uko Mtwara au Lindi na unataka kusoma habari kwenye TV ya kimataifa? Anzia hapa

Vijana wengi huku kusini wananiuliza wafanyeje ili siku moja wakae pale walipokaa kina Salim Kikeke na Zuhura Yunus kwenye Dira ya Dunia ya BBC, na karibu wote wanaanza na mambo ya sura, suti na sauti nzito. Mi nawaambia anza na uripota. Larry Madowo wa Kenya kapita KTN, NTV, BBC, ndo akaingia CNN mwaka 2021, na mpaka leo unamuona sana akiwa nje kwenye matukio kuliko studio.

Sababu yake ni ya kikazi kabisa. Kusoma maneno kwenye autokyu, ile skrini iliyo mbele ya kamera, mtu anafundishika. Kazi yenyewe iko hivi: uko laivu, mgeni anaongea kutoka Nairobi, prodyusa yuko sikioni mwako anakwambia sekunde thelathini, funga, af hapohapo anaongeza kwamba habari inayofuata imeondolewa maana mawasiliano na Kinshasa yamekatika, na we macho yako yako kwa mgeni, huwezi kumjibu prodyusa wala kuonyesha kwamba unaongeleshwa, inabidi umuulize mgeni swali fupi la mwisho, umshukuru kwa jina lake bila kulikosea, uingie kwenye habari ambayo skripti yake pengine hujaiona. Hapo anayeijua habari anapita, asiyeijua anababaika watu wakiangalia.

Na habari huku kwetu zipo jamani! Gesi ya Mnazi Bay na ya Songosongo, magofu ya Kilwa Kisiwani ambayo yako kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1981, kimbunga Hidaya Mei 2024, vita ya Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, iliyoanza 2017 hapo ng'ambo ya Ruvuma tu mpaka kijiji chetu cha Kitaya kikashambuliwa Oktoba 2020 (hiyo ya mpakani usiende kichwakichwa bila mhariri kujua uko wapi, hakuna habari yenye thamani ya roho yako). Novemba 2018 serikali ilipoamua kununua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na malori ya jeshi yakaja kubeba, vyombo vya nje viliandika sana, na aliyekuwa anajua AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika cha wakulima, inafanyaje kazi alikuwa na la kusema kuliko mgeni yeyote.

Kwa hiyo zoezi la kwanza, na nalipenda kuliko yote: chukua habari ya mnada wa korosho, iandike ya nusu dakika kwa ajili ya mtu aliyekaa Bonn au Kigali. Wengi wataandika "Wakulima wa Tandahimba wamelalamikia kangomba kuharibu mfumo wa stakabadhi ghalani." Sisi tumeelewa, yule wa Kigali katoka kapa. Jaribu hivi: "Wakulima wa korosho kusini mwa Tanzania wanasema kuna walanguzi wanaowafuata majumbani kabla ya mnada na kununua mazao yao kwa bei ya chini." Halafu sentensi ya pili imwambie kwa nini inamhusu, kwamba korosho ghafi nyingi za huku zinapelekwa India na Vietnam kubanguliwa ndo zinafika madukani duniani. Isome kwa sauti, jirekodi na simu, ukikata pumzi katikati ya sentensi basi hiyo sentensi ni ndefu, ivunje. Fanya kila siku na habari tofauti.

Ukisikiliza rekodi yako kuwa mkali. Dhahabu isiwe zahabu, thelathini isiwe selasini. Majina ya watu na miji ya nje tafuta wenyewe wanavyoyatamka, usikisie. Na zoea saa za GMT, saa sita mchana ya GMT ni saa tisa alasiri kwetu, maana ukija kupangiwa zamu utapangiwa hivyo.

Upande wa vyeti, Tanzania huwezi kukwepa, Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 na kanuni zake zinataka angalau diploma ya uandishi wa habari, na kadi ya uandishi inatolewa na Bodi ya Ithibati. Kama umeishia form four anza na astashahada upande taratibu. Wakati unasoma nenda kajitolee redio za hapahapa, Mtwara kuna Jamii FM, Lindi kuna Mashujaa FM, redio ndogo watu ni wachache kwa hiyo utaripoti, utahariri na utasoma taarifa mwenyewe, mtu wa kituo kikubwa anaweza kukaa miaka hajagusa vyote hivyo.

Kiingereza usikikimbie hata kama lengo lako ni idhaa ya Kiswahili ya BBC au ya DW, ile ya Ujerumani, kule Bonn, kwa sababu habari za mashirika ya habari kama Reuters, AFP na AP unazotafsiri na kuandika upya zinakuja kwa Kiingereza. Soma habari moja, funga simu, isimulie kwa Kiswahili chako, usitafsiri neno kwa neno.

Ukishakuwa na kazi za kuonyesha, tengeneza video ya dakika mbili tatu, weka mwanzoni ukiwa eneo la tukio unaripoti, kisha mahojiano ambayo umembana mtu kwa heshima, kusoma mezani weka mwisho, na muziki usiweke. Nafasi za kazi zinatangazwa kwenye tovuti za vituo vyenyewe na kuomba ni bure, akitokea mtu WhatsApp anakudai hela ya fomu au ya usaili usimtumie hata mia.