Kulala na kuvua mto Tana, kwa sisi tulozoea bahari ya Mombasa

Sisi tunaovua Likoni na chini ya daraja la Nyali tuna tabia moja ambayo ukienda nayo mto Tana itakumaliza. Ndoana ikinasa kwa jiwe tunavua viatu tunaingia maji mpaka kiunoni tunaifuata, na hapa kwetu mbaya sana ni ukanyage chaza ama nge wa baharini urudi unachechemea. Kule usithubutu, mto umejaa mamba. Kata mshipi, funga ndoana ingine, maisha yaendelee. Nimeiweka hii mbele kabisa kabla ya hema na sufuria manake nawajua, wengine hamtafika chini.

Kufika si kazi. Unashika basi ya Lamu, ama gari ya Malindi halafu ubadilishe, unashuka Garsen, ni zaidi ya kilomita 200 kutoka Mombasa. Barabara ile ina historia yake ya usalama kwa hivo safiri mchana, beba kitambulisho, na kabla hujatoka nyumbani piga simu kwa mtu alieko kule akwambie hali ikoje wiki hio. Usiende miezi ya masika, mto ukifurika hata mamba huhama, unaweza kumkuta shambani kwa mtu. Mwezi wa kwanza na wa pili kwangu mi ndo mzuri, ila ujue maji yakipungua mamba wote hujazana kwa vidimbwi vilobaki, kwa hivo kidimbwi kidogo kilotulia si salama kuliko mto, ni kinyume.

Ukifika enda kwa mzee wa kijiji na watu wa BMU, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia uvuvi wa pale, kwanza, useme we ni nani na umekuja kuvua wapi, na uulize kibali. Wapokomo ndo wenye mto, wamekaa nao miaka na miaka. Lakini kuna namna ya kuuliza. Ukisema "mzee, hapa kuna mamba?" utajibiwa "wapo, lakini hakuna neno", manake yeye huoga hapo kila siku. Uliza hivi: "mbuzi wa mwisho alichukuliwa lini, na wapi?" Hapo utaonyeshwa mahali kwa kidole. Na mlipe kijana mmoja wa pale akae nanyi, pesa hio usiionee uchungu.

Sasa hema. Angalau mita 50 kutoka ukingoni, na pawe juu, mita mbili hivi kupita pale maji yanapofika. Ukiwa chini huku karibu na Kipini kumbuka bahari inaingia mtoni, kwa hivo hesabu maji ya bamvua, yale yanayojaa sana, usipime kwa macho saa ya maji kupwa. Kuna mchanga mweupe ukingoni, safi, umeinuka kidogo, ukiuona tu unasema hapa hapa. Hapo ndo mamba jike hutaga, hufukia mayai na kukaa karibu kuyalinda kama miezi mitatu, na hana mchezo. Pita. Pia angalia nyasi zilolazwa kama njia, na mavi yametapakaa vichakani, hio ni barabara ya kiboko. Usiku hutoka kula majani, na akishtuka hukimbilia majini kwa njia ile ile, hema likiwa katikati shauri yako. Wengi huogopa mamba wakamsahau huyu.

Jambo kubwa lenyewe ni hili: mamba hukusoma. Nenda Mamba Village pale Nyali jioni wakilishwa, utamuona amelala kama gogo mpaka unadhani ni sanamu, halafu nyama ikining'inia anaruka mwili nusu nje ya maji. Sasa yule wa mtoni hana ratiba ya kulishwa, anajitengenezea yake. Akikuona umechota maji mahali fulani asubuhi, jioni ukarudi pale pale, kesho pia, siku ya tatu yeye keshafika kabla yako na yuko chini, anaweza kukaa huko saa nzima bila kuvuta pumzi, na maji ya Tana ni ya tope, huoni hata kidole chako. Kwa hivo usichote mahali pamoja mara mbili. Bora zaidi beba jerikeni za maji kutoka Garsen, na yale ya mtoni yavute kwa ndoo na kamba ukiwa juu, uyachemshe. Kuoga mtoni sahau, hata kichocho kiko. Sahani osha kambini. Mbwa usije naye.

Kuvua kwenyewe: simama mita tano nyuma ya maji, ukingo ukiwa mrefu ndo raha zaidi, na usikae juu ya mti uloinamia mtoni hata kama kivuli chake kitamu. Chambo ni nyungunyungu ama matumbo ya kuku, chubwi ndogo ya kuzamisha ndoana, mshipi mnene kiasi. Utapata kambare, perege, na ukibahatika kamongo. Kambare huuma vizuri usiku, na mamba pia huwinda usiku, kwa hivo mi navua kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa kumi, giza likikaribia nakunja. Kuna wanaofunga mshipi mtini usiku mzima waje waangalie alfajiri. Mi sitaki, manake samaki akipapatika pale usiku wa manane ni kama umempigia mamba simu, halafu we mwenyewe ndo unaenda kumfungulia.

Ukimpata kambare mshike vizuri, mapezi ya ubavuni yana miba na itakuchoma vibaya. Muue hapo hapo. Yule hupumua hewa, ukimtia ndooni akiwa hai atapiga kelele nusu siku. Na ile yetu ya kufunga samaki kwa uzi kiunoni, wacha huku huku Mombasa. Pasulia samaki mbali na maji na mbali na hema pia, matumbo choma motoni mpaka yaishe.

Mtumbwini mikono ndani, miguu ndani. Usiku ukitaka kujua mna majirani wangapi mulika mto kwa tochi kutoka mbali, macho yao hung'aa mekundu. Tulihesabu, tukaacha kuhesabu.

Akitoka nchi kavu kimbia moja kwa moja, hizo habari za kukimbia zigizaga ni hadithi tu, yeye huchoka upesi. Akikushika pigana, macho ndo mahali pa kuumiza, usijifanye umekufa. Na akikuuma hata kidogo, bana damu, osha kwa maji safi na sabuni, enda hospitali siku hio hio manake mdomo wake mchafu. Kumpiga mshale ama risasi ni kesi, analindwa na sheria ya wanyamapori ya 2013.

Neti ya mbu ni lazima, sielezi.

Asubuhi kabla ya kutupa mshipi simama mbali uangalie tope pale ulipovulia jana. Ukiona alama za miguu pande mbili na katikati mstari wa mkia, pashakuwa pake, hamisha kiti. Sisi tulihama kama mita 300 hivi, tukaambulia perege watatu, wadogo.