Mwachie kijana hesabu ya dawa
Baada ya mabishano mengi na binti yangu mwenye kifafa, nimeacha kumuuliza kila usiku kama amemeza dawa. Kila Jumapili jioni yeye huhesabu mwenyewe tembe zilizobaki, huandika idadi kwenye kalenda ya jikoni, na hunijulisha zikibaki za siku 10 ili ninunue mapema. Hesabu hufichua dozi iliyorukwa bila yeyote kushutumiwa, tena humzoesha kazi atakayoifanya peke yake katika shule ya bweni, ambako hata simu hairuhusiwi. Mpango huu huvunjika anapougua au anapochoshwa na dawa. Hapo mzazi achukue kazi yote kwa muda, kisha amrudishie. Kwa insulini, dawa ya kisukari, mpango huu haufai, kwa kuwa dozi yake huweza kubadilika kwa kila mlo.