Kusoma Hungaria: anza na swali la lugha

Kila Januari ikikaribia, simu yangu hujaa ujumbe wa aina moja: "Dada, nataka kusoma Hungaria, nianzie wapi?" Wengi hutarajia nianze na ufadhili. Mimi huanza na lugha, kwa sababu lugha ndiyo itakayoamua kozi, ada, na hata watu utakaokula nao. Nilisoma katika mji wa Debrecen kwa Kihungaria, baada ya mwaka mmoja wa maandalizi. Haya ndiyo ninayowaambia wadogo zangu wa Mombasa.

Hatua ya 1: Chagua mlango wa kuingilia

Mlango wa kwanza ni shahada nzima kwa Kiingereza. Vyuo vikubwa kama Debrecen, Szeged, Pécs na ELTE ya Budapest vinazo nyingi. Anayetaka udaktari aelewe jambo moja: darasani utafundishwa kwa Kiingereza, lakini mgonjwa aliyelala wodini ni bibi wa Kihungaria, naye atakueleza maumivu yake kwa lugha yake. Kwa hiyo Kihungaria utajifunza tu.

Mlango wa pili ni huu niliopita mimi: mwaka mzima wa kujifunza lugha, kisha shahada pamoja na Wahungaria wenyewe. Kozi ni nyingi zaidi, na mara nyingi ada ni ya chini kuliko zile za Kiingereza. Kazi yake ni ngumu, sitakuficha, maana vyuo vingi hutaka ufike kiwango cha B2, yaani uweze kufuata somo na kuzungumza bila kukwama sana.

Kuna pia muhula mmoja wa Erasmus+, mpango wa Umoja wa Ulaya wa kubadilishana wanafunzi, iwapo chuo chako cha nyumbani kina mkataba na chuo cha huko. Na anayetaka kuonja kwanza, Debrecen ina chuo cha kiangazi, Debreceni Nyári Egyetem, kinachofundisha lugha hii tangu 1927.

Hatua ya 2: Ijaribu lugha kabla hujaikimbia

Utaambiwa Kihungaria hakifundishiki. Anayesema hivyo hajakitazama kwa jicho la Mswahili. Sisi tunasema "nakupenda", neno moja lenye mpendaji na mpendwa ndani yake. Wao wanasema *szeretlek*, neno moja vilevile. "Yeye" wetu hana jinsia. *Ő* wao hana pia. "Ninasoma kitabu" ni *olvasok egy könyvet*, lakini kitabu kikiwa kinajulikana tunasema "ninakisoma", nao kitenzi kinabadilika kuwa *olvasom*. Wanafunzi wenzangu waliozoea Kiingereza walihangaika na jambo hilo majuma kadhaa. Mimi nililipata siku hiyo hiyo.

Hata irabu zao hufuatana: *házban* ni ndani ya nyumba, *kertben* ni ndani ya bustani. Wewe unayesema "pikia" lakini "somea" bila kufikiri, utazoea. Na mtoto akikutana na mama mtu mzima humwamkia *csókolom*, yaani nabusu mkono wako. Nilipoisikia mara ya kwanza nilikumbuka shikamoo, machozi yakanilengalenga.

Anza na matamshi. Herufi *s* ni "sh", *sz* ni "s", *cs* ni "ch". Pécs ni "Pech", Szeged ni "Seged". Mkazo uko mwanzo wa neno, siyo silabi ya pili kutoka mwisho kama kwetu. Jipe miezi miwili ya nusu saa kwa siku, kisha ndipo uamue mlango.

Hatua ya 3: Tuma maombi, sehemu zote mbili

Ufadhili mkubwa ni Stipendium Hungaricum, ulioanzishwa na serikali ya Hungaria mwaka 2013 na kusimamiwa na taasisi ya Tempus. Kenya imo kwenye mpango huo. Maombi hufungwa katikati ya Januari, nawe huchagua kozi mbili kwa mpangilio. Andika barua ya motisha inayotaja kozi yenyewe. Barua inayofaa kila chuo haifai popote.

Hapa ndipo watu wanapopotea: unaomba kwenye mfumo wa Tempus, na pia unapaswa kupendekezwa na mamlaka ya elimu ya nchi yako. Rafiki yangu alikamilisha upande mmoja tu, akapoteza mwaka mzima.

Ada inalipwa na ufadhili. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza au ya uzamili hupewa forinti (fedha ya Hungaria) 43,700 kwa mwezi, pamoja na bweni au mchango wa forinti 40,000 kwa kodi ya chumba. Haitoshi kuishi. Chukua bweni, na uje na akiba.

Hatua ya 4: Kibali cha ukaazi

Mkenya huomba kupitia ubalozi wa Hungaria Nairobi. Andaa barua ya kukubaliwa chuoni, ushahidi wa makazi, fedha na bima. Usingoje Agosti.

Hatua ya 5: Ukishafika

Debrecen, tramu namba 1 inakutoa stesheni hadi chuoni. Wiki ya kwanza, jifunze Neptun, mfumo wa kusajili masomo na mitihani. Siku ya mtihani unaichagua mwenyewe humo, na nafasi nzuri huisha mapema.

Alama ni 1 hadi 5, na 5 ndiyo bora. Aliyezoea Divisheni Wani ya Tanzania ageuze fikra zake, kwani huku 1 ni kufeli.

Mitihani mingi ni ya mdomo. Unavuta karatasi yenye mada, iitwayo *tétel*, unajiandaa dakika chache, kisha unaongea mbele ya mwalimu. Orodha ya mada hizo iombe mapema muhulani, na uzisome kwa sauti, mada moja kila jioni, mbele ya Mhungaria mnayekaa naye chumba kimoja.